Mpini wa Kilolo na Mbao za Theluji

Kamwene, Neema mjukuu wangu,

Huku Kilolo hatujambo. Babu yako bado anabishana na redio, na mahindi yameanza kuchanua.

Umeniuliza kuhusu mbao za kutelezea kwenye theluji huko Kanada: uchukue za kufika kidevuni, zinazogeuka upesi unaporuka, au za kukupita kichwa, zinazotulia ukishuka kwa kasi? Nimecheka, maana theluji mimi naijua ya kwenye friji tu!

Lakini nilipoolewa huku milimani nilikuja na jembe langu la kwetu Ipogolo, lenye mpini mrefu wa shamba tambarare. Mama mkwe hakunipima kimo. Alinipeleka shambani, akanitazama nikilima nimeelekea mlimani, mpini ukinigonga tumbo kila jembe likishuka. Ndipo akauliza, "Kutwa utakuwa unalima wapi?" Nikamwonyesha mteremko. Akaukata mpini palepale.

Sasa wewe, kutwa unaruka, au unazunguka mlima mzima? Kama ni vyote, jaribu za kufika puani. Ila azima kwanza, Neema. Sisi mpini ukizidi tunakata. Hizo mbao zenu zinakatwa?

Bibi yako