Asubuhi Baba Yako Alipouliza

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Sydenham, hapa Durban. Babu yako ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua. Unauliza kama unawaharibu watoto wako sita, kwa kuwa ratiba yako ya kuwafundisha nyumbani inavunjika kila siku.

Tulipofika Durban, mimi pia nilifundisha wanangu saba kwenye meza ya jikoni. Mmoja wao, baba yako, hakuwa amesema neno tangu tukimbie Bukavu. Asubuhi moja, katikati ya hesabu, hadeda, wale ndege wakubwa wa kijivu, walitua uani wakipiga kelele. Watoto wakakimbilia dirishani. Nilitaka kuwarudisha mezani, lakini jua lilikuwa laini, na mbawa za wale ndege zilimetameta kijani na zambarau. Nikasimama nao, penseli mkononi, kama tunaota sote ndoto moja.

Ndipo sauti ndogo ikatoka kando yangu: "Mama, wanakula nini?"

Alikuwa baba yako. Hakuna aliyethubutu kugeuka. Dada yake mkubwa akajibu taratibu, "Minyoo," kana kwamba walikuwa wakizungumza siku zote.

Hesabu tulizimaliza kesho yake.

Wabusu watoto wote,
Bibi yako