Gari la Wazi la Maharusi wa Tanga

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia. Tangu kaka Athumani aliponipigia simu kusema umeondoka, miezi minne sasa, kila nikishika kalamu naiweka chini. Sikuja kukuzika, Baba. Viza yangu ilikuwa imekwisha, na siku hizi hapa Guangzhou polisi wanakagua pasi zetu Waafrika kila kona ya mtaa wa Sanyuanli. Niliogopa kwamba nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Nikabaki, nikaendelea kununua nguo na kupakia mizigo. Hilo ndilo ninalojilaumu.

Naliota lile gari lako la Kimarekani. Naliota kama lilivyokuwa siku ile ya Idi: rangi ya krimu, refu kama sebule, paa limekunjwa nyuma, nami nimesimama kwenye kiti cha nyuma tunateremka barabara ya Raskazone. "Funga mdomo, Mwanahawa, utameza mdudu!" Na wewe mwenyewe unacheka mdomo wazi. Yule Mgiriki wa mkonge uliyekuwa ukimwendesha alikuachia gari hilo alipofunga shamba akarudi kwao. Kwa miaka mingi, bibi harusi wa Tanga hakujiona ameolewa mpaka azungushwe mjini humo ndani, shela likipepea.

Kisha maharusi wakaanza kutaka magari mapya ya Kijapani, yenye kiyoyozi, upepo usiwaharibie nywele. Vipuri vikaadimika. Turubai la paa likachanika, mvua ikaingia mpaka vitini. Ukanipigia: "Huko China kuna kila kitu, mwanangu. Nitafutie turubai." Nilitafuta, wallahi. Lakini si kwa haraka. Nilidhani tuna muda.

Jumatatu iliyopita, mchana, polisi waliingia kwenye jengo letu la maduka ya jumla. Nikashuka ngazi za nyuma, nikavuka mtaa, nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi. Ilikuwa studio ya picha za harusi. Na katikati ya ukumbi, Baba, limesimama gari la Kimarekani la wazi. Jekundu. Halina injini, wameliweka juu ya matofali ili maharusi wakae wapigwe picha. Ukuta wa nyuma umechorwa mawingu, na feni kubwa inapepeza mashela.

Sijui nilifikaje kiti cha nyuma. Harufu ya ngozi ya zamani. Feni ikanipuliza usoni, mawingu yakawa kama yanapita, na sisi tunakwenda, wewe na mimi, polepole, hata muungurumo hakuna. Nikalia kilio ambacho sikukilia siku ile ya simu.

Mama mwenye studio akaja. Nikajua ananifukuza, au anaita polisi. Akaniuliza kitu, sikuelewa. Nikasema tu, "Baba."

Kichina nacho, baba ni baba. Akaenda akashusha pazia la mlango, akarudi akakaa kiti cha dereva, amenipa mgongo, akaniacha nilie mpaka nikaishiwa. Nadhani naye alikuwa na baba wa kumlilia.

Kesho yake nikajipeleka mwenyewe kwa watu wa uhamiaji. Afisa alishangaa. "Hakuna aliyekukamata?" Nikamwambia hakuna, nataka kwenda kwetu. Nimelipa faini, pasi wameigonga muhuri, na huku nadhani sitarudi tena. Naondoka Alhamisi.

Gari lako halipo, Baba. Athumani ameniambia walilikata wakaliuza chuma chakavu baada ya arobaini yako, maana Mama hakuweza kulitazama likinyeshewa. Sikumlaumu. Mimi sikuwepo.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi sitakuletea visingizio. Nikifika Tanga nitaanzia kaburini kwako kabla ya nyumbani. Nitakueleza kwa mdomo wangu kwa nini sikuja, yote, hata ya aibu, na nitakaa hapo mpaka Mama mwenyewe aje kuniita nikale.

Mwanao,
Mwanahawa