Sauti ya Benedicta

Uyole, Mbeya
Mei 14

Kwa kaka yangu mpendwa Ambokile,

Ugonile, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Iringa pamoja na wifi Eveline, na kwamba goti lake limepunguza kumsumbua tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza mapema mwaka huu, viazi vimetoka vizuri, na mwanangu Tusajigwe anakusalimia sana. Huo mfuko uliokuja na barua ni mchele wa Ubaruku. Mwambie wifi asiuoshe mara nne kama kawaida yake, ni msafi.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Umenipigia simu wiki nzima, sipokei, kisha nakutumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui. Unataka neno langu la mwisho, kama Benedicta arudishwe kuimba solo au abaki nyuma, kabla kwaya yako haijaingia kurekodi wimbo wa jubilei ya usharika mwanzoni mwa Juni. Nimekuwa nikilikwepa swali hilo. Leo nalijibu, ila niache nieleze kwa mpangilio wangu, maana nikianzia mwisho sitamaliza.

Unaikumbuka ile sabufa aliyoninunulia Tusajigwe. Mwanzoni niliifunika kitambaa cha kufuma nikaiacha ikae kama pambo. Baadaye alinifundisha kuiunganisha na simu bila waya, na hapo kaka nikawa kama mtoto. Naweka simu kwenye mfuko wa aproni, nakaanga vitunguu jikoni, kwaya inaimba sebuleni. Haikukosa vituko. Alhamisi moja akina mama wa jumuiya walikuwa kwangu kwa maombi, simu ya mpangaji wa jirani ikajiunganisha yenyewe, Bongo Fleva ikalipuka katikati ya sala. Mama Lusekelo alifumbua jicho moja, akaona hakuna anayecheza, akaendelea kuwaombea wagonjwa kwa sauti kubwa zaidi. Tulicheka tulipofika kwenye chai.

Kwenye sabufa hiyo ndipo nilipousikiliza wimbo wako huo wa jubilei, uliourekodi mazoezini ukanitumia mwezi wa pili. Niliusikiliza mara tatu nimeketi, bila kazi mkononi, kama ulivyoniagiza. Besi zilinifurahisha, zilitetemesha hadi vikombe kabatini. Lakini nikaona kayamba halipo, na Benedicta kila akipanda kwenye ubeti wa pili sauti yake inapotea. Nikakuambia kwamba binti huyo anameza sauti na hafai kusimama mbele. Hukubishana nami hata kidogo. Ulimtoa, ukamweka Rozalia, na Benedicta ukampeleka safu ya nyuma, akaimbe na alto.

Pasaka ilipopita ukanitumia wimbo huo huo, safari hii Rozalia ndiye anayeimba. Naye akapotea pale pale. Badala ya kujiuliza, niliilaumu sabufa. Niliibeba hadi kwa Anania, fundi wa redio hapa sokoni, nikamwambia imekufa upande wa sauti nyembamba. Akachomeka flashi yake, akapandisha sauti nyembamba hadi mwisho. Mwenye duka la mbegu la jirani akaja kulalamika, na mimi nikamwambia Anania aongeze. Aliniangalia kidogo, akazima.

“Mama, hii sabufa ni nzima,” alisema. “Tatizo ulitafute kwingine.”

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hajui kazi, arudi akazibe ndoo, mbele ya wateja wake. Nikafika nyumbani nikamgeukia Tusajigwe kwamba aliuziwa bidhaa feki. Aliniunganishia simu yake, kisha akanivalisha spika zake za masikioni, na kila kimoja nilikikuta kibovu. Kwa wiki nzima nyumba hii haikuwa na kitu kizima isipokuwa mimi.

Jumapili tulipotoka kanisani mwanangu aliniketisha kwenye kochi, akacheza wimbo wako tangu mwanzo. Akaniomba ninyooshe kidole pale tu kayamba litakapoanza. Nilikubali kwa jeuri. Nikasubiri ubeti wa kwanza, nikasubiri kiitikio, wimbo ukaisha, kidole changu kikiwa bado mapajani. Nikamwambia, si unaona, kayamba hawakulipiga. Tusajigwe machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema linapigwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Wakanivalisha spika za masikioni, wakanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Daktari, binti mpole sana, alinieleza kwamba masikio yangu yote mawili yamechoka kwa umri, na kwamba sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, nzito zinabaki. Ndiyo maana besi zako zilikuwa bado zinanifurahisha. Na hizi simu zetu, kaka, maneno nayapata nusu, nusu nakisia. Ndiyo sababu sipokei, na ndiyo sababu naandika.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ungeweza kusema nilikosea bila kujua, na kwa mwezi wa pili ingekuwa kweli. Lakini jioni ya siku ile ile niliyotoka hospitali uliniandikia kwamba Benedicta amekufuata baada ya mazoezi, akaomba kwa adabu aambiwe kosa lake ni lipi ili alirekebishe na ajaribiwe tena. Ukaniuliza nasemaje. Karatasi ya daktari ilikuwa mezani mbele yangu. Nikakujibu, “Mwache hapo hapo nyuma.”

Nilijua, kaka. Nilijua binti hana kosa, na nikaandika vile. Tangu tukiwa watoto baba akiniita kutoka jikoni nije niwaambie watu wazima nani ametoka kwenye sauti, mimi nilikuwa na hilo tu. Wewe ulitunga, ulisoma, ulifundisha kwaya. Mimi nilikuwa sikio. Niliona nikikiri, hutanitumia tena wimbo wowote. Kwa hofu hiyo nikamwacha mtoto wa watu atafute kosa ambalo halipo. Naona aibu, na sijui kuisema kwa namna nyingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Benedicta arudi mbele. Usimwambie kwamba umebadili mawazo. Mwambie kwamba dada yako wa Uyole hasikii na alificha. Ukurasa huu msomee mbele ya kwaya nzima, maana mbele ya kwaya nzima ndipo alipotolewa. Na Rozalia naye umwombe radhi kwa niaba yangu, kwa kuwa ananyang'anywa nafasi bila kosa lake.

Kwa Anania nimeshakwenda. Alinipa kigoda nikae, akasema mama yake pia alianza hivyo hivyo. Daktari amesema kuna vifaa vya masikioni vitakavyonisaidia kidogo, lakini akaniomba nisitarajie kusikia kama zamani.

Nisalimie wifi, uwasalimie na wote wa hapo nyumbani. Jumamosi ya kurekodi nitakuja Iringa, Mungu akipenda, na nitamwomba Benedicta aniruhusu nisimame karibu naye. Wimbo wako nimeuhukumu, kaka, na kumbe sijausikia. Nataka angalau nimwone anavyopanda, nisikie hadi pale masikio yangu yatakaponiachia, na pale yatakaponiachia nimwamini.

Ni mimi mdogo wako,
Tumpe