Karai la Lan

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Magazeti matatu, chai, habari moja niliyoituma redioni kabla ya saa mbili. Kisha nikatafuta karai. Makabati yote, juu ya friji, stoo ya chini. Halipo. Ni karai kubwa la chuma, jeusi, limebonyea upande mmoja. Mke wangu, Lan, alikuja nalo kutoka Penang kwenye begi la mkononi. Si kitu cha kupotea.

Ninalitaka kwa sababu binti yetu Asha alipiga simu jana. Jumapili itakuwa siku ya mia tangu mama yake afariki. Kwao Lan, siku hiyo marehemu huwekewa sahani mezani na watu wakala. Asha atakuja kwa treni kutoka Lyon. Hajakanyaga hapa tangu mazishi. Hataki maua wala misa. Anataka kway teow ya mama, zile tambi za kukaanga. Akauliza kama najua inavyopikwa. Nikasema najua.

Sijui. Nimemdanganya mwanangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya kama ninavyofanya kazini. Vyanzo vitatu, vyote vya watu wa Penang. Vinakubaliana: tambi pana za mchele, kamba, kombe, mayai, machipukizi ya choroko, sosi nyeusi ya soya, pilipili nyekundu ya kusaga, mafuta ya nguruwe. Moto mkali sana.

Nilipima kila kitu kwa mizani. Nikatumia kikaango cha mayai. Dakika ya tatu king'ora cha moshi kikalia. Nikapunguza moto. Tambi zikatoa maji, zikashikana. Nimekula nusu, nyingine nimetupa.

Alhamisi, 6 Machi

Mara ya pili. Afadhali kidogo. Mafuta ya nguruwe safi kutoka kwa muuza nyama karibu na basilika. Nilihitaji mtu wa kuonja. Nikabeba sahani hadi mlango wa pili, kwa jirani yetu Maman Zaituni.

Nimeripoti habari za Ramadhani kwa miaka zaidi ya ishirini. Leo, saa nane mchana, nimempelekea mwanamke wa Bujumbura aliyefunga sahani ya kitimoto. Niliona kosa langu mlango ulipokuwa umeshafunguka.

Hakukasirika. Aliinama akanusa, mikono nyuma.

“Papa Asha, hii ni nini?”

Nikamwambia.

“Hapana. Maman Asha hakuwekaga nguruwe.”

Nikamuuliza amejuaje. Akafungua mlango wote. Karai lilikuwa ukutani, kwenye msumari, juu ya jiko lake la gesi.

Lan alikuwa akipika kule. Kila nilipokuwa safarini, na hata nilipokuwa hapa hapa mjini kazini. Miaka kumi na moja. Asha alikulia kwenye meza ile, anafanya hesabu za shule huku wanawake wawili wanakaanga. Ukuta mmoja kati yetu. Mimi hupata riziki kwa kuuliza watu maswali. Sikuwahi kuuliza mke wangu anapika wapi.

Maman Zaituni aliona uso wangu, akajaribu kunisaidia. Alisema walikuwa wanacheka sana kuhusu karai. “Tulisema karai ni mkimbizi. Lilifukuzwa kwako, likaomba hifadhi kwangu. Bon, mimi nililipatia papiers, karatasi za kuishi, siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilingoja miaka ine.”

Nikacheka naye. Sikupaswa kucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoa shajara za zamani kwenye boksi. Nimeipata siku karai lilipofukuzwa. Mstari mmoja: “Nimemwambia Lan asipike tena kile kitu. Mashati yote yananuka.” Basi. Hakuna alichojibu, au alijibu na sikuandika. Kesho yake nimeandika kurasa mbili kuhusu mgawo wa uvuvi wa bahari ya kaskazini.

Jumamosi, 8 Machi

Somo, jikoni kwa Maman Zaituni. Yeye amefunga, haonji. Anafundisha kwa pua na masikio.

Hakuna nguruwe. Mafuta ya karanga, ili wote wale. Pilipili husagwa pamoja na ndagala, wale dagaa wakavu wa Tanganyika anaotumiwa na dada yake. Lan aliwanusa siku ya kwanza akasema wananuka kama jiko la mama yake. Hakuna chanzo changu hata kimoja kilichotaja ndagala.

Niliuliza gramu ngapi.

“Grammes? Ni kiganja, Papa Asha. Cha Maman Asha, si chako. Chako ni koleo.”

Karai likatoa moshi. Nikanyoosha mkono kupunguza gesi. Akanipiga kofi mkononi, kama mtoto. “Acha iungue kidogo. Sikiliza. Ikilia kama mvua kwa mabati, tia mayai.”

Nilisikiliza. Baada ya majaribio matatu niliisikia. Moshi ulijaa jiko zima, ukaingia kwenye sweta, kwenye nywele. Hii ndiyo harufu niliyoikataza. Nimeitambua mara moja.

Jumapili, 9 Machi

Nimempokea Asha kituo cha treni cha Midi saa nane, soko likiwa linafungwa. Begi dogo. Tiketi ya kurudi ni ya leo jioni. Ndani ya metro nilimwambia ukweli wote: kwamba sikujua kupika, kwamba sikujua karai lilikuwa wapi. Aliangalia dirishani. Alisema alikuwa anajua nitasema uongo kwenye simu. Alitaka kuona nitaushikilia hadi lini.

Nimepika mwenyewe. Maman Zaituni alikaa kwenye stuli ya jikoni kwake. Asha alisimama mlangoni na koti lake. Tambi zikalia kama mvua. Nikatia mayai.

Sahani nne. Ya Lan kwanza, upande wa dirisha. Tukangoja magharibi. Maman Zaituni akafungua kwa tende na maji, akasema bismillah, tukala. Chumvi ilizidi. Kombe zilikuwa ngumu. Mengine yalikuwa sawa. Asha alimaliza sahani bila kuinua macho.

Nikamwambia nimesikia habari ya karai mkimbizi. Kwamba mama yake alikuwa akilicheka jambo lile.

“Baadaye, ndiyo,” Asha alisema. “Mwanzoni hakucheka. Alikaa hapo kwenye hiyo stuli akalia. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimshikia karai. Ukiandika, baba, andika na hiyo.”

Maman Zaituni akasema taratibu, “Asha, mtoto wangu.”

“Tantine, mwache aisikie.”

Nimeisikia. Ninaandika: alilia. Asha alikuwa na miaka tisa. Alishika karai.

Sikuomba radhi mezani. Aliyestahili kuombwa alikuwa na sahani iliyopoa. Nilimwomba Asha kwenye jukwaa la treni, maneno machache, nadhani kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Hakusema amenisamehe. Treni ikaingia. Akanikumbatia, mara ya kwanza tangu mazishi, uso begani kwangu. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

“Unanuka mama,” alisema.

Akapanda.

Jumatatu, 10 Machi

Baridi, jua kidogo. Nimegonga mlango wa pili asubuhi. Maman Zaituni alikuwa ameshalitoa karai msumarini na kulifunga kwenye mfuko ili nilichukue. Nikamwomba alirudishe pale pale. Nikauliza kama Alhamisi jiko lina nafasi. Akasema saa kumi na moja, nisichelewe, na nije na choroko.

Mkutano wa waandishi saa tano. Nilivaa shati la jana. Mwenzangu wa kiti cha jirani alinusa mara mbili, akauliza natoka wapi. Jikoni, nikamwambia.

Nimerudi. Shati limetundikwa kwenye kiti. Silifui.