Foto Iliyofunguka Kwanza

Fanny, nimeharibu. Nimemuvunja Papa moyo.

Unajua kaka yangu Wilfried anasomea mambo ya ubongo kule Dar, kwenye Mama amelazwa bila kuamuka. Walimuingiza kwa mashini ya kupiga ubongo foto, wakamuwekea masikioni sauti ya Papa tuliyorekodi huku nyumbani: "Mama Evodie, amuka, ndagala zimekauka."

Leo Wilfried ametuma foto mbili. Na rezo yetu hii ya intaneti, ikafunguka moja tu. Ubongo unawaka nyekundu kote! Nikapiga kelele: "Papa, Mama amekusikia!"

Fanny, Papa alicheza. Papa! Majirani wakaja, wakaimba.

Kisha Wilfried akapiga simu. "Evodie, hiyo imechorwa na ordinatere, kompyuta yangu, nimeifundisha kukisia. Njo vile ubongo wa Mama ungewaka kama angesikia. Ya kweli njo ile ingine."

Ya pili ikafunguka. Kijivu tupu. Hata doa moja hapana.

Kama angesikia, Fanny. Kama!

Nimemueleza Papa mbele ya watu wote. Akachukua telefone yangu, akarudia ile nyekundu.

"Ordinatere inasema angenisikia?"

Nikasema ndiyo, Papa.

"Basi uniachie hii. Ile ingine ufute."