Jina la Akoth Mgongoni

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umesimama mlangoni ukisoma haraka haraka kama ulivyozoea kusahihisha insha za wanafunzi wako. Goti linaendeleaje? Dani anakula vizuri, au bibi yetu huyo bado anasema meno yamemgomea? Mvua imefika Kosele, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda ziwani? Mimi mwili wangu ni mzima. Nalisema mapema kwa sababu yanayofuata yatakufanya uniulize.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa nakimbia. Mara ya mwisho nilikata ukiwa katikati ya maneno, na binti hamfanyii mama yake hivyo. Nisamehe. Ulikuwa ukinieleza kwamba tangu kaka Ouma awalete mkewe na mtoto kutoka Ogwedhi, kitoto hicho kinalia kila kunapopambazuka. Mmemtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na hakuna lililomnyamazisha. Halafu ukaniambia Dani ameota. Akoth alisimama mlangoni, amelowa mvua, akauliza ni nani amekalia kiti chake. Dani akasema jina haliwezi kuketi mahali pawili, na ukaniomba niliachie ili mtoto apewe. Nikasema hapana, jina la dada yangu ninalivaa mimi.

Nilimsikia wifi Boke kwa nyuma, kwa ile sauti yake ya kuuza mbuzi: "Mwambieni mtoto analilia hapa, si Ureno. Jina lake limezuiwa huko kama ng'ombe asiye na kibali."

Hapo ndipo nilipokata.

Mama, sijawahi kukueleza jinsi nilivyolichukua jina hilo. Unajua nilikuja huku kusoma, na kwamba jioni nachezea klabu ndogo ya futsal, ile kandanda ya ukumbini, watu watano kila upande. Nilipokuja nilikuwa mshambuliaji. Golini palikuwa mahali pa Akoth, tangu shuleni, hata alipokatazwa na wewe, na kanisa, na magoti yake yaliyojaa vidonda. Alipofariki nilimwomba kocha anirudishe nyuma nikae langoni. Kisha ikaja fomu ya jezi. Hapa mchezaji huandika mwenyewe jina analotaka mgongoni, na hakuna anayemuuliza. Niliandika AKOTH. Niliona ni kumbukumbu. Nilijua kwetu ni marehemu anayekuja kuomba jina lake liitwe tena, aliye hai hajichukulii. Nilijua, nikadhani kusoma kwangu kumenivusha ng'ambo ya hayo.

Tangu siku hiyo mikono yangu hufika kwenye mpira kabla sijaamua. Kocha anasifu. Wenzangu wananiita Akoth uwanjani na kantini, na mama mwenye nyumba, aliyekuja kunitazama mara moja, naye ananiita hivyo. Wiki nzima inaweza kupita bila mtu kulitamka jina Anyango. Nikivua glavu huvitazama vidole vyangu kwanza, nihakikishe ni vyangu. Na Akoth mwenyewe husimama nyuma ya mlingoti wa kulia, upande alioupenda. Simwoni. Ni vile unavyojua kuna mtu chumbani kabla hujageuka.

Sasa nikwambie ya Uhispania.

Tulialikwa kwenye mashindano ya vilabu vya nchi mbalimbali. Tulisafiri kwa basi siku nzima tukavuka mpaka. Ukumbi ulikuwa mkubwa, taa nyeupe, sakafu ya mbao inayolia chini ya viatu. Hakuna upepo mle ndani, Mama, hakuna hata inzi. Tulishinda mechi mbili za kwanza na mimi sikufungwa hata bao moja. Nusu fainali tulipangiwa Wabrazili, na ilikuwa Sabato. Najua. Niliomba msamaha nikiwa nafunga kamba za viatu.

Zilibaki sekunde chache, mbili kwa mbili. Mchezaji wao alipiga kwa nguvu na mikono ikaudaka mpira kifuani. Watu wetu jukwaani wakaanza kuimba: Akoth, Akoth, Akoth, wakipiga miguu. Katika mchezo huu kipa haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde nne. Refa huinua mkono na kuhesabu kwa vidole, kila mtu aone. Nilikuwa nimeshamwona mwenzangu wa kumrushia.

Ndipo niliposikia, karibu na sikio la kulia, "Mos, Anyango."

Pole pole, Anyango. Unakumbuka alivyokuwa akiniambia hivyo nikitaka kupiga penalti pale nyuma ya jikoni, na yeye golini kati ya ndoo mbili? Ukumbi mzima ulikuwa ukimwita yeye, na yeye akaniita mimi. Niligeuka. Nilisimama nimekumbatia mpira nikitazama nafasi iliyo kati ya mlingoti na ukuta, na vidole vya refa vikafika vinne.

Walipewa mkwaju karibu kabisa na lango letu. Wakapasiana mara moja, wakafunga. Sikurusha hata mkono. Kwa mara ya kwanza mikono ilinisubiri niamue, na mimi sikujua la kuamua.

Kwenye basi hakuna aliyenigombeza. Nahodha wetu, msichana mpole mwenye mzaha, alikuja akaketi kando yangu akanipa nusu ya chungwa. Akasema, "Akoth, mpira si mtoto wa kulala naye. Unaachiwa." Wenzangu wakacheka, kwa huruma. Nililia mpaka mpakani na wao wakafikiri nalilia kikombe.

Mama, kuna jingine, na ndilo zito. Akoth alipofariki nilikuambia siwezi kuja kumzika kwa sababu karatasi zangu za ukaaji hazijatoka. Zilikuwa zimetoka. Zilikuwa kwenye droo, chini ya soksi. Wiki ile homa ilipompanda alinipigia mara tatu nikiwa mazoezini. Niliona simu ikiwaka ndani ya begi, nikasema nitampigia nikimaliza. Sikumpigia jioni ile, nilikuwa nimechoka. Baada ya hapo sikuweza kuja kusimama pale kando ya ua mlipomlaza, nje kidogo ya boma kama anavyozikwa msichana ambaye hajaolewa, na watu waniulize maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa yapi. Kwa hiyo nikabaki, nikachukua kiti chake, nikaketi juu yake nikisema ninamkumbuka.

Jezi imo ndani ya mfuko huu. Anayeuleta ni mwanafunzi mwenzangu kutoka Rongo anayerudi nyumbani. Mpe chai, ni mtu mzuri. Nimeifua kwa mkono. Mkabidhi Dani, yeye ndiye ataamua la kufanya nayo, na hata akiichoma sitasema neno.

Mtoto apewe jina. Mwambie Dani nimeinuka kitini. Nikifunga masomo nitakuja, na kabla ya kuingia nyumbani nitapita kando ya ua nimwambie mwenyewe kuhusu simu zile tatu.

Nisalimie kaka Ouma, mwambie apunguze maneno na wachuuzi wa ng'ombe. Nisalimie wifi Boke, mwambie kibali kimetoka. Msalimie mzee wa kanisa aliyeongoza maombi ya dada yangu mimi nikiwa sipo. Dani mshike mkono wa kushoto, ule unaomuuma, kwa niaba yangu.

Mechi ijayo nitasimama langoni na jina Anyango mgongoni. Sijui kama mikono hii, ikiachwa peke yake, inajua kudaka.

Mtajieni mtoto jina la Akoth asubuhi, mara tu anapoanza kulia, na mlitaje pole pole. Akinyamaza, usijisumbue kunipigia siku hiyo. Nitajua. Nyuma ya mlingoti wa kulia hakutakuwa na mtu.

Ni mimi, binti uliyebaki naye,
Anyango