Filamu ya Kila Ijumaa

Ibra, Machi 1984

Kaka Harub, shikamoo.

Umetuchekesha uliposema huko chuoni mnasomeshwa filamu ambazo watu huzitazama mpaka wakazihifadhi. Wangemuuliza Mama! Zamani tulipokuwa Unguja, sinemani kwenye shoo ya wanawake, akiwatangulia waigizaji maneno yao, nasi tukiona haya.

Sasa tumenunua video, na ile filamu yake ya Kihindi anaitaka kila Ijumaa. Analia palepale, anacheka palepale.

Juzi picha ilikatika, kioo kikawa cheusi, ikabaki sauti tu. Nikainuka niigonge televisheni. Mama akanishika mkono.

"Kaa, Ghaniya. Tazama sari ilivyomkaa."

Nikakaa. Macho yake hajayataja, nami sijamuuliza.

Ukija likizo, kaka, anza kuzungumza tokea mlangoni.

Nduguyo,
Ghaniya